Ridhaa na Majuto: Kiswahili cha Uamuzi wa Tiba Usiorudi Nyuma, kwa Mifano ya Ngara na Biharamulo

Fomu ya ridhaa ya hospitali ni miongoni mwa matini za Kiswahili zinazotiwa saini na watu wengi na kuchunguzwa na wanaisimu wachache. Mgonjwa huisoma au husomewa, hutia saini au dole gumba, kisha karatasi huwekwa katika jalada. Mhadhara huu unaichunguza matini hiyo pale inapohusu tendo la tiba lisiloweza kutenguliwa, yaani tendo ambalo mtu akilijutia kesho, mwili wake hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa jana.

Suala hili limepata uzito mpya katika nchi za Ulaya na Marekani kutokana na mjadala juu ya tiba inayowawezesha watu kuuoanisha mwili wao na jinsia wanayojitambua kuwa nayo, ama kwa homoni ama kwa upasuaji. Mjadala huo huzunguka maneno mawili, ridhaa na majuto. Hospitali za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hazitoi tiba ya namna hiyo. Hata hivyo, maswali yenyewe, yaani nani amekubali nini, kwa maneno yapi, na akijuta nani alaumiwe, yamo katika wilaya hizo, katika chumba cha kufunga kizazi na katika huduma ya tohara. Kwa mintarafu hiyo inafaa kuanzia huko, kwenye matendo ambayo Kiswahili kimekwisha kuyapatia majina, kabla ya kulifikia lile ambalo majina yake bado yanagombaniwa.

Ridhaa, idhini na hiari

Maneno haya matatu yote yana asili ya Kiarabu, na katika fomu nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ridhaa imetokana na mzizi uleule uliotupatia radhi, ridhika na ridhisha. Mtoto hutafuta radhi za wazazi. Aliyekosa husema "niwie radhi". Mwenye kuridhika ni yule ambaye moyo wake umetulia. Kwa hiyo ridhaa, kwa asili yake, ni hali ya moyo kabla ya kuwa tendo la mkono. Idhini ni ruhusa: hutolewa na mwenye mamlaka, naye anaweza kuitoa hali moyo wake hautaki. Hiari ni uwezo wa kuchagua, na kuwapo kwake kunadai kuwe na njia ya pili ambayo mtu angeweza kuishika. Wahenga waliposema hiari yashinda utumwa, walikuwa wakizungumzia nguvu ya kazi inayofanywa na mtu aliyeweza kukataa.

Ngara inalo somo lake kuhusu neno hili la mwisho. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Katika lugha ya mashirika, kurejea kwa mkimbizi kwao huitwa kurejea kwa hiari. Mnamo Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliwatangazia wakimbizi wa Rwanda kwamba wote walitarajiwa kuwa wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Wengine walipojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, askari waliwageuza kuelekea mpakani. Neno hiari liliendelea kutumika katika hati. Ile njia ya pili ndiyo iliyokuwa imeondolewa. Mfano huu si wa tiba, lakini unaonyesha kwamba neno la ridhaa linaweza kubaki katika karatasi baada ya maana yake kutoka.

"Sawa, daktari"

Wenyeji wa Ngara kwa sehemu kubwa ni Wahangaza na Washubi. Biharamulo ina Wasubi, Wahangaza, Wazinza na Wasukuma, na wengine waliohamia humo kwa kilimo na ufugaji. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Kwa watu wengi wa wilaya hizi, hasa wanawake wazee wa vijijini, Kiswahili ni lugha ya shule, soko na ofisi, ilhali mambo ya mwili na uzazi huzungumzwa kwa lugha ya nyumbani. Muuguzi naye mara nyingi ni mtu wa mkoa mwingine. Basi mazungumzo ya ridhaa huendeshwa katika lugha ambayo kwa mmoja ni ya kazi na kwa mwingine ni ya heshima.

Ni katika mazingira hayo inapotakiwa kupimwa thamani ya majibu kama "sawa", "haya" na "ndiyo, daktari". Kipragmatiki, "sawa" inaweza kumaanisha nimekubali, nimesikia, nimeelewa, au nisikuchoshe zaidi. "Haya" hukaribia zaidi utii: ndilo jibu la mtoto aliyetumwa dukani. Mama wa makamo aliyeamkiwa vizuri na daktari kijana, akaitwa mama na kupewa kiti, ataona si adabu kumwuliza mara ya pili jambo alilokwisha kulieleza. Ukimya wake si ridhaa wala si ukatazo, ni staha.

Lugha ndugu zinaongeza jambo. Katika Kirundi na Kinyarwanda, kitenzi kwemera hubeba kwa pamoja maana ya kukubali, kuamini na kukiri. Anayesema amekubali anasema pia kwamba amemwamini msemaji. Wala si bahati tu kwamba redio iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, ikitangaza kwa Kiswahili na kwa lugha za wakimbizi, ilipewa jina la Radio Kwizera, yaani kutumaini. Imani kwa anayesema ndiyo njia ya kwanza ya habari katika eneo hili. Mgonjwa anayemwambia daktari "ninyi ndio mnaojua" ametoa kitu cha thamani. Lakini alichotoa ni imani, na sheria ya tiba inadai zaidi ya hapo: inadai ajue.

Kitenzi funga na kauli ya kutendua

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na panahitaji kukaliwa kwa muda.

Tendo la kuzuia uzazi kwa kudumu, ambapo mirija ya mwanamke hukatwa au kubanwa, katika Kiswahili cha hospitali huitwa kufunga kizazi. Kila neno katika fungu hili lina tatizo. Kizazi ni tumbo la uzazi, na pia ni uwezo wa kuzaa, na pia ni ukoo ujao. Katika upasuaji huu tumbo la uzazi haliguswi, lakini jina linalitaja, na ndiyo maana ni rahisi mtu kuchanganya kufunga kizazi na kutoa kizazi, ambalo ni tendo jingine kabisa.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi. Kiswahili, kama Kibantu kwa jumla, kina kauli ya kutendua: kunja hukunjuliwa, ziba huzibuliwa, tega huteguliwa, fuma hufumuliwa, funga hufunguliwa. Kila anayekijua Kiswahili hubeba kanuni hii bila kufundishwa. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kizazi chake kitafungwa ameshapewa, ndani ya mofolojia, ahadi ya kufungua. Mlango uliofungwa hufunguliwa; duka lililofungwa jioni hufunguliwa asubuhi; hata mfungwa hufunguliwa. Kitenzi kata, kwa upande mwingine, hakina mwenzake wa kutendua; katua ni kung'arisha chuma, na hakuna anayedhani kwamba kilichokatwa kinaweza "kukatuliwa". Usemi kukata mirija, unaotumiwa zaidi kwa upasuaji wa wanaume, ni wa kweli zaidi. Ila unatisha, na huenda ndiyo sababu funga umeupiku: neno la huruma limechaguliwa badala ya neno la kweli.

Isitoshe, funga la kizazi limekuwapo katika Kiswahili kabla ya hospitali kulichukua. Kwa waganga, na siku hizi katika mahubiri ya makanisa ya uamsho, mwanamke asiyepata mtoto huelezwa kuwa kizazi chake kimefungwa na wabaya, na dawa au maombi hukifungua. Katika usemi huo kufungwa ni dhuluma iliyofanywa na mwingine, na kufunguliwa ni jambo la kutarajiwa. Fomu ya hospitali imelikuta neno likiwa na historia hiyo, ikalitumia bila kulisafisha. Upasuaji wa kuiunganisha tena mirija upo duniani, lakini hauna hakika ya kufanikiwa, wala si huduma ambayo mama wa Rulenge au Nyakahura anaweza kuitegemea.

Wataalamu wamejaribu kuziba pengo hilo kwa sifa: njia ya kudumu. Lakini dumu nalo ni legevu. Watu huwaombea maharusi ndoa yao idumu, na ndoa iliyodumu miaka 30 inaweza kuvunjika. Kudumu ni kuendelea kwa muda mrefu. Si kutorudi nyuma. Orodha ya uzazi wa mpango inapoweka "njia za muda mrefu", yaani kijiti na kitanzi, karibu na "njia za kudumu", msikilizaji ana haki ya kudhani kwamba tofauti ni ya miaka tu.

Inafaa kulinganisha na usemi wa ng'ambo ya Rusumo. Katika Kinyarwanda tendo hilo huitwa kwifungisha burundu. Mzizi ni uleule wa funga, lakini mambo mawili yameongezwa. La kwanza ni burundu, neno lisilo na mlango wa nyuma: kifungo cha maisha huitwa igifungo cya burundu. La pili ni umbo la kitenzi chenyewe, kwi-fung-ish-a, lenye kiambishi cha kujirejea na cha kusababisha: mtu anajifanyisha jambo, kwa amri yake. Kiswahili kina "amefunga kizazi", ambayo inamfanya mwanamke kuwa mtenda, na "amefungwa kizazi", ambayo inamfanya mtendwa. Wazungumzaji hupita kutoka moja hadi nyingine bila kujali, na ndani ya mpito huo swali la nani aliamua hupotea.

Madhara ya kutoeleweka kwa neno hayabaki katika sarufi. Uchunguzi mkubwa wa Marekani, uliowafuatilia wanawake 11,232 waliofunga kizazi na kuchapishwa mwaka 1999, uliona kwamba katika muda wa miaka 14, asilimia 20.3 ya waliofanyiwa tendo hilo wakiwa na umri wa miaka 30 au chini walieleza kujuta. Kwa waliozidi umri huo, kiwango kilikuwa asilimia 5.9. Umri ndio uliotenganisha, kwa sababu maisha ya kijana yana nafasi kubwa ya kugeuka: ndoa mpya, mtoto aliyefariki, moyo uliobadilika. Takwimu hizi si za Kagera, na haifai kuzihamishia huko kama zilivyo. Zinachofundisha ni kwamba tendo la kawaida, lisilozua mabishano yoyote katika magazeti, linaweza kuzaa majuto mengi.

Tohara ya hiari, lakini ya nani?

Kagera ndiko walikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Tafiti za Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, ambazo matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, zilionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yaliipendekeza. Kagera ikawa miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyopewa kipaumbele, kwa kuwa jamii zake nyingi hazikuwa na mila ya jando.

Huduma hiyo iliitwa tohara ya hiari. Tohara asili yake ni usafi wa kidini. Hiari ni chaguo. Na wengi waliojitokeza katika mpango huo, Tanzania na kwingineko, walikuwa wavulana wa miaka 10 hadi 14. Hiari ilikuwa ya mzazi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza huduma hiyo kwa walio na miaka 15 na kuendelea. Usalama wa upasuaji ulikuwa sababu moja, na uwezo wa kijana kujiamulia ulikuwa nyingine. Tanzania yenyewe, mwaka 2019, ilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008 na kushusha umri wa kujiamulia kupima VVU kutoka miaka 18 hadi 15. Hivyo kijana wa Biharamulo mwenye miaka 15 anaweza kukubali mwenyewe damu yake ipimwe, na bado akahitaji neno la baba ili mwili wake ukatwe.

Kiswahili kina nyenzo ya kulieleza hili kwa usahihi, ila fomu haziitumii. Mzazi hutoa idhini. Mtoto hutoa ridhaa. Fomu zinazowapa wote wawili neno ridhaa zinaficha ukweli kwamba mmoja anaruhusu na mwingine anapokea kisu.

Jinsi, jinsia, na neno tata

Katika taaluma ya Kiswahili, hasa tangu miaka ya 1990, pamekuwa na juhudi za kutenga jinsi, kwa maana ya hali ya kimaumbile, na jinsia, kwa maana ya nafasi na utambulisho wa kijamii. Utengano huo haujashika mitaani. Fomu za serikali bado huandika jinsia pale zinapouliza kuhusu maumbile. Maneno yote mawili yametokana na Kiarabu, ambamo jins ni aina. (Katika Kiarabu cha leo neno jinsiyya ni uraia, jambo linalofaa kuwakumbusha wanaodhani kwamba maana hukaa tulivu.)

Mtoto anayezaliwa na maumbile yasiyo bayana ya kike wala ya kiume aliitwa huntha katika Kiswahili cha zamani. Neno hanithi, lililogeuka kuwa tusi, limetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu. Mwanaanthropolojia Unni Wikan, aliyeandika mwaka 1977 juu ya mji wa Sohar nchini Oman, aliwaeleza wanaume wa kundi hilo ambao jamii iliwahesabu karibu na wanawake, na ambao waliweza kurudi katika nafasi ya mwanamume kwa kuoa. Hapakuwa na kisu, na mlango wa kurudi ulikuwa wazi.

Siku hizi huntha inaachwa na nafasi yake kushikwa na "mwenye jinsia mbili", ambayo si sahihi kwa wengi wao, au "mwenye jinsi tata". Hili la pili lina staha zaidi, lakini lina mtego uleule wa kutendua: kilicho tata hutatuliwa. Mtoto aliyeitwa tata ameshafanywa tatizo linalosubiri suluhisho, na suluhisho lililo karibu ni upasuaji anaofanyiwa kabla hajajua kusema.

Kesi ya Kenya inaonyesha gharama yake. Mtoto aliyezaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 2009, anayejulikana mahakamani kwa jina la Mtoto A, aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsi. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliielekeza serikali iweke utaratibu wa kuwatambua watoto kama huyo na kuwepo miongozo ya upasuaji wao. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa kundi hili. Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza mtoto wa namna hiyo kubadilishwa au kuondolewa kiungo bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Sheria hiyo haikukataza upasuaji. Ilichofanya ni kuuondolea haraka.

Suala la mtu mzima aliyezaliwa na maumbile bayana lakini anajitambua tofauti ni jingine, na haifai kulichanganya na hilo. Mwaka huohuo wa 2014 mahakama ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Magazeti ya Kiswahili mara nyingi huwaita watu wa makundi yote mawili kwa jina moja, na hapo msomaji hupotea.

Badili, rekebisha, thibitisha, sitisha

Tiba ya kuoanisha mwili na jinsia bado haina jina lililokubaliwa katika Kiswahili, na kila jina linalopendekezwa limekwisha kuamua mjadala. Kubadili jinsia kunamaanisha kwamba mtu alikuwa kitu kimoja akawa kingine. Nalo badili ni kitenzi chepesi, kwani watu hubadili nguo, dini na laini ya simu, kisha hurudia ya zamani. Kurekebisha jinsia kunadai palikuwa na kosa. Kuthibitisha jinsia kunadai kwamba jinsia ilikuwapo tangu mwanzo na tiba inaitia muhuri. Mtetezi na mpinzani kila mmoja ana kitenzi chake. Fomu ya ridhaa haipaswi kuwa na kitenzi cha yeyote kati yao. Kazi yake ni kueleza vitu: homoni ya kiume huikoroga sauti, na sauti hiyo hairudi hata dawa ikiachwa, ndevu nazo hubaki, hedhi hukoma, na inaweza kurudi, matiti yaliyoota kwa homoni ya kike hayaondoki ila kwa kisu, uwezo wa kuzaa unaweza kupungua au kupotea, na tezi za uzazi zikitolewa, umekwisha.

Nguvu ya kitenzi ilionekana wazi nchini Uingereza. Dawa zinazozuia dalili za balehe kwa watoto zilikuwa zikielezwa kama kitufe cha kusimamisha kwa muda. Kwa Kiswahili zingeitwa za kusitisha balehe, na kinachositishwa huendelezwa. Keira Bell, aliyeanza dawa hizo akiwa na miaka 16, akaendelea na homoni na kisha upasuaji wa matiti, na baadaye akajuta, alifika mahakamani. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba dawa hizo haziwezi kutenganishwa na hatua zinazofuata, hivyo mtoto anapaswa kuzielewa hatua zote, na ni vigumu kwa aliye chini ya miaka 16 kufanya hivyo. Septemba 2021 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu, ikisema kwamba kumpima mgonjwa uwezo wake wa kuelewa ni kazi ya daktari na si ya mahakama. Aprili 2024 ripoti ya Dkt. Hilary Cass ikaeleza kuwa ushahidi wa manufaa ya dawa hizo kwa watoto ni dhaifu, na mwishoni mwa mwaka huo serikali ikazizuia kwa muda usio na kikomo nje ya utafiti. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwa upande wake, mwaka 2023 kilishikilia msimamo wake wa kuiunga mkono tiba hiyo huku kikiagiza mapitio mapya ya ushahidi. Ubishi huo, ukichujwa, una swali moja la lugha ndani yake: je, hiki ni kituo cha njiani au ni mwanzo wa safari?

Nani anajuta, nani amedhulumiwa

Kitenzi juta kina sharti lake. Mtu husema "ninajuta kuja" au "ninajutia uamuzi wangu". Hasemi "ninajuta mvua kunyesha", bali husema anasikitika. Anayejuta anajihesabu kuwa alishiriki kutenda. Aliyefanyiwa jambo bila kujua halijutii. Analilalamikia, kwa kuwa amedhulumiwa. Kiswahili kwa hiyo kinadai ridhaa iwe imekuwapo kabla ya majuto kuwezekana. Mwanamke wa Ngara aliyeelewa kwamba mirija yake haitaunganishwa tena, akaamua, kisha akafiwa na mtoto, anajuta. Jirani yake aliyedhani kwamba kilichofungwa kitafunguliwa hajuti. Kumwandika katika safu ya wanaojuta ni kumbebesha kosa la aliyemweleza.

Takwimu hazina uangalifu huo. Nchini Sweden, kati ya watu 681 waliobadilishiwa jinsi kisheria kuanzia 1960 hadi 2010, 15 waliomba kurudishwa, sawa na asilimia 2.2. Kliniki ya Amsterdam, iliyopitia majalada ya watu 6,793 wa miaka ya 1972 hadi 2015, ilikuta majuto baada ya kutolewa tezi za uzazi kwa asilimia 0.6 ya wanawake waliozaliwa wakihesabiwa wanaume, na asilimia 0.3 ya wanaume waliozaliwa wakihesabiwa wanawake: watu 14 kwa jumla. Viwango hivi ni vidogo mno vikilinganishwa na vya kufunga kizazi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya waliotibiwa hawakurudi kliniki, na kwa waliojuta ilichukua kwa wastani zaidi ya miaka 10 hadi kufika hapo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu hazaliwi katika mwaka wa harusi. Tena wengi wa waliohesabiwa walikuwa watu wazima waliochujwa kwa muda mrefu, kwa hiyo idadi hiyo haiwezi kumjibu anayeuliza juu ya mtoto wa miaka 13.

Cha kufurahisha ni kwamba watafiti wa Amsterdam waliwagawa hao 14. Wapo waliosema kwamba tendo lenyewe lilikuwa kosa. Wapo walioridhika na mwili ila wakachoshwa na kukataliwa na jamaa na waajiri. Wapo waliojiona si wa upande wowote. Kwa Kiswahili ni wa kwanza tu anayejuta bila shaka yoyote. Wa pili anasononeka kwa ajili ya matendo ya wengine, na kumtaja kama ushahidi dhidi ya uamuzi wake ni kuwapa waliomfukuza haki ya kuamua kama alikosea.

Kwa mfasiri wa fomu za Kagera, kazi iliyopo ni ndogo na inawezekana. Badala ya "njia ya kudumu", iandikwe "mirija itakatwa, na usitegemee kuzaa tena". Idhini itengwe na ridhaa. Na kabla ya saini, mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake kitakachofanyika, kwa Kihangaza au Kisubi akipenda, kukiwa na mtu wa kusikiliza anayeijua lugha hiyo na asiye mume wala mama mkwe wake. Akisema "watanifunga" na kuishia hapo, muuguzi amwulize: "Na ukitaka kufunguliwa, mama, utaenda wapi?" Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama karatasi inaweza kutiwa saini siku hiyo au arudi wiki ijayo.